Nilimwagia Mchongoma Sumu, Akafukuzwa Mtu Kwao

Nimekosa. Nianzie hapo, kwa sababu nimeshajaribu kuanzia kwingine na kila mara najikuta nimejipamba nikaonekana mtu mwema.

Jina langu sitaliandika. Si kwamba nawaogopa majirani, wao wameshanijua, na nitakueleza walivyonijua. Ni kwa ajili ya binti yangu. Ameolewa hana muda mrefu, na sipendi wakwe zake wayasome haya huku wanakunywa chai. Majina mengine yote nimeyabadilisha. Nisikilize tu kama vile tumekaa wawili jikoni tunachambua mchele.

Naishi Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda mlima. Nyumba yetu iko juu kidogo. Chini yake, baada ya seng'enge, kuna bustani ya jirani yangu ambaye nitamwita Mama Shani. Ni mjane, Mluguru wa hapohapo, ananizidi umri, kwa hiyo siku zote mimi ndiye ninayemwamkia. Shikamoo dada. Marahaba mdogo wangu, mmeamkaje. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Bustani ile waliachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake wa tumbo moja, Hadija. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama, basi Hadija alipoachika na mumewe huko Turiani alirudi pale kama mtu anayerudi kwao, na kweli palikuwa kwao. Akaja na mtoto wake wa kike mgongoni. Wakawa wanalima pamoja mchicha, figiri na matembele. Walikuwa wakigombana, sikatai. Nani amwagilie leo, nani apeleke sokoni, nani achukue tuta lililo karibu na maji. Ugomvi wa ndugu, asubuhi wananuniana, mchana wanakula sahani moja.

Sasa mimi, kwenye uwanja wangu wa nyuma, nilikuwa na mchongoma.

Aliyetuuzia kiwanja alikuwa amezungushia michongoma pande zote. Sisi tukaing'oa tukaweka seng'enge, lakini mmoja ukatushinda. Ukiukata unachipua. Ukiuchoma unachipua. Tulileta kibarua na sururu, akachimba mpaka jasho likamtiririka, mwishowe akaweka sururu chini akasema, "Mama, mzizi umeingia chini ya msingi wa jiko lako. Nikiendelea jiko linapasuka." Kila mtu nyumbani alishachanwa na ile miiba. Tuliuzoea, kama unavyozoea ndugu mkorofi.

Kisha Neema wangu akaposwa.

Mume wangu alitaka sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ifanyike nyumbani, si ukumbini. Nikakubali. Lakini kila nikitoka nje kupima pa kuweka tenti, namwona bwana mchongoma amekaa katikati ya uwanja. Nikawa nauwaza hata nikiwa kanisani. Nilimwazia mama mkwe wa mwanangu, mwanamke wa Dar anayejua kuvaa, gauni lake likinaswa na miiba mbele za watu.

Mume wangu akaniambia, "Uache. Tutaufunika kitambaa kizuri, tuweke meza ya keki mbele yake."

Nilimcheka. Nilimwambia keki na miiba wapi na wapi.

Nikaenda duka la pembejeo kununua dawa ya kuua magugu. Yule binti wa dukani akaniambia, "Mama, hii ni kali. Changanya na maji mengi, usimwage karibu na mboga, na usimwage kama mvua inakuja." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza. Akili yangu ilikuwa kwenye vitenge vya sare.

Nyumbani nikaukata mchongoma mpaka chini. Nikachukua nondo nikatoboa kisiki matundu. Halafu sikuchanganya na maji. Nilimwaga dawa vilevile ilivyo, chupa ya kwanza yote, na ya pili yote. Kulikuwa na dizeli imebaki kwenye dumu la jenereta, nayo nikaimwaga juu. Nilijisikia raha, nakwambia ukweli. Nilijisikia mwanamke anayejua kumaliza kazi.

Mume wangu alirudi akasikia harufu tangu getini.

"Umemwaga nini huku?"

"Dawa ya mchongoma."

"Chini kuna mboga za Mama Shani."

"Dawa inakaa kwenye kisiki, haina miguu."

Alinyoosha mkono akanionyesha mlima. Wingu lilikuwa limeshashuka mpaka nusu, na unajua kwetu huku wingu likishuka hivyo hakuna haja ya kuuliza.

Mvua ilinyesha mchana uleule. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikayaona maji yakizunguka kisiki, yakigeuka rangi kwa sababu ya dizeli, yakitelemka, yakipita chini ya seng'enge. Niliyaona kwa macho yangu. Ningeweza kuchukua jembe nikayachimbia njia nyingine. Ningeweza kumwita Mama Shani kwa sauti, alikuwa ndani kwake hatua chache tu. Sikufanya hata moja. Nilifunga mlango nikarudi kukunja vitenge.

Hilo ni kosa langu la kwanza. Ningeishia hapo ningekuwa mzembe tu. Sikuishia hapo.

Baada ya siku chache matuta ya juu yakaanza kuwa njano. Halafu majani yakajikunja. Halafu ya katikati. Lakini ya chini kabisa yalikuwa bado mabichi, na Mama Shani, kama ilivyo kawaida yake, akaniletea fungu la mchicha kutoka huko. "Mdogo wangu, mboga hizo, mpike mapema kabla nazo hazijaharibika." Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru. Alipoondoka nikaenda kuzitupa shimoni, nikazifukia na majivu.

Na mafungu mengine aliyoyabeba siku ile kwenda kuuza sokoni, nilimwacha aende nayo.

Sikusikia mtu aliyeugua. Lakini ningesikia wapi?

Mboga zilipokufa zote, wanawake wa jirani wakakusanyika bustanini. Nami nikashuka, kwa sababu nisingeshuka ningeulizwa. Kulikuwa na mama mmoja, nimwite Bi Tatu, mtu wa maneno mazito, watu wakimsikiliza. Aliokota shina la mchicha akaligeuzageuza.

"Wadudu hawali hivi," akasema. "Huu ni mkono wa mtu."

Unajua uchawi ukishatajwa hivyo, watu wanavyoanza kutazamana. Mama Shani alikuwa amechanganyikiwa, macho mekundu. Bustani ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, wewe uko juu, unaiona bustani yote. Hukuona mtu humu?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ningesema, "Dada, ni dawa yangu, maji yameileta huku." Maneno hayo yalikuwa mdomoni, nayakumbuka yalivyokaa. Lakini niliwaza sendofu. Niliwaza aibu. Niliwaza watu watakavyosema mama wa bibi harusi amemtilia jirani sumu.

Nikasema, "Sikuona mtu. Nimemwona Hadija tu. Asubuhi mapema, alikuwa anazunguka kwenye matuta peke yake."

Sikusema uongo. Ndiyo ubaya wenyewe. Nilikuwa nimemwona kweli, ana ndoo na kopo lililotobolewa matundu, anamwagilia kama kila siku. Nilichofanya ni kuiacha ndoo, nikaliacha kopo, nikamtoa Hadija peke yake.

Bi Tatu akasema, "Ahaa." Basi. Hakuongeza neno.

Wiki haikuisha, vyombo vya Hadija vikawekwa nje. Godoro, sufuria mbili, mfuko wa nguo za mtoto. Mama Shani alisimama mlangoni. "Ulisema tuta la karibu na maji ni lako. Haya, umepata nini sasa? Umepata nini?"

"Dada," Hadija akasema, "na mimi nilikuwa nakula humohumo."

Watu walikuwa wamesimama njiani. Mimi nilikuwa juu, kwenye seng'enge, nimejificha nusu nyuma ya nguo nilizoanika. Akaniona.

"Mama Neema, shikamoo," akasema. Fikiria, katika hali ile ananiamkia. "Wameniambia wewe uliniona. Waambie basi nilikuwa nafanya nini."

Nikamjibu, "Mimi sikukaa kuangalia."

Akanitazama kidogo. Halafu akafunga mtoto mgongoni, akaweka godoro kichwani, akaenda kutafuta gari la Turiani. Hakuna aliyempokea hata sufuria.

Sendofu ikafanyika. Tenti ikakaa vizuri, kisiki kilikuwa kimekufa na tumekifukia na kifusi. Watu wakasifu uwanja. Na unajua nani alisimamia pilau? Mama Shani. Alikuja alfajiri na kanga zake mbili, akakoroga masufuria makubwa mpaka moshi ukamtoa machozi, akapiga vigelegele mwanangu alipoingia. Katika picha zote yupo nyuma yangu, anacheka. Zile picha sijawahi kuzitazama mara mbili.

Mimi ni Mkatoliki. Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri habari ya dawa na mboga. Akaniuliza, "Umemwambia mwenye mboga?" Nikasema bado. Akasema, "Basi toba yako iko nusu njiani." Habari ya Hadija sikuitaja kabisa. Nilikwenda kwenye kitubio nikachagua dhambi ya kusema, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Na hata hiyo nusu niliyoambiwa nikaikamilishe, sikuikamilisha.

Miezi ikapita. Mama Shani alilima upya, akatia samadi, akapanda. Mimi nikawa naomba kimoyomoyo ziote, kwa kuwa zikiota nitakuwa nimepona. Zikaota kweli. Nikafurahi kama mjinga. Zilipofika urefu wa kidole, za juu zikaanza kuwa njano.

Asubuhi moja nikamsikia ananiita. Nikashuka. Alikuwa amesimama peke yake kati ya matuta, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Akasema, "Hadija hayupo hapa. Ana miezi hayupo. Na mboga zinakufa."

Nikayatazama yale majani ya njano.

"Basi hakuwa Hadija," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile ulimwona. Nakuuliza kwa mara nyingine, na safari hii unijibu. Alikuwa anafanya nini?"



"Alikuwa anamwagilia," nikasema. "Ana ndoo na kopo."

"Na ulilijua hilo tangu siku ile?"

"Nililijua. Na mboga hazikuuawa na mtu mwingine, dada. Ni mimi. Nilimwagia mchongoma dawa, mvua ikaileta huku. Niliyaona maji yanakuja."

Nilitegemea atanipiga. Ningependa anipige. Alikaa chini pale kwenye ukingo wa tuta, akaanza kupukuta udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Mboga," akasema. "Ungeniambia ni mboga, ningekasirika, ningekutukana, halafu tungelima. Mimi nimemtoa mdogo wangu nje mbele za watu. Mama yetu alituacha wawili tu."

Akalia. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Nilimwambia mume wangu siku hiyo. Hakunigombeza. Alisema, "Nilijua habari ya dawa. Nami nilinyamaza." Alikwenda chumbani akakaa huko muda mrefu. Kwa hiyo aibu ya nyumba yetu haikuwa yangu peke yangu, lakini hilo halikunipunguzia.

Mimi na Mama Shani tulikwenda Turiani pamoja. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Njia nzima tulipokuwa tunapita mashamba ya miwa hakugeuka.

Hadija alikuwa amepanga chumba. Alianza kwa kukaanga vitumbua kando ya barabara, na mwanzoni wateja walikuwepo. Kisha mwanamke mmoja wa Bigwa aliyeolewa huko akasimulia kilichomfukuzisha. Watu wakaacha kununua. Nani ale kitumbua cha mtu anayeua mboga za dada yake? Tulipomkuta alikuwa anafanya kibarua kwenye majaruba ya mpunga ya watu wengine, miguu imepasuka kwa maji. Amekonda. Mtoto alishaanza kutembea.

Alitutandikia mkeka. Akatupa maji. Mama Shani alimwambia yote, na akamwomba radhi, akashindwa kumaliza. Hadija akamkumbatia. Walilia pale kama watoto, wakiitana kwa jina la mama yao. Mimi nilitazama ukuta.

Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Nilikuona unamwagilia, nikaificha ndoo yako."

Hadija akasema, taratibu kabisa, "Mimi nakusamehe, mbele ya Mungu nakusamehe. Lakini lile neno haliko kwangu hata nilifute. Liko kwa watu. Nenda ukalichukue huko ulikoliacha."

"Utarudi nyumbani?" Mama Shani akamuuliza.

"Nikirudi sasa, huyu mwanangu ataitwa mtoto wa nani?"

Basi nikaanza. Nyumba kwa nyumba. Mume wangu alisema tufuatane, nikakataa, kwa sababu nilipolisema lile neno sikuwa naye. Nilianza na Bi Tatu, nikijua huyo akielewa na wengine watalegea. Nilimkuta barazani, mjukuu wake anakunywa uji pembeni. Nikamweleza kila kitu, mchongoma, dawa, mvua, maji.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na hiyo dawa uliitoa wapi?"

"Dukani, Bi Tatu. Duka la pembejeo."

"Dukani," akasema. "Dukani kweli?"

Halafu akanyoosha mkono, akalivuta bakuli la uji la mjukuu wake, akaliweka upande wa pili, mbali nami.

Ndugu yangu, sikuwahi kuelewa nilichomfanyia Hadija mpaka lile bakuli liliposogezwa. Nilirudi nyumbani nimejifunika kanga usoni mchana kweupe.

Nyumba nyingine zilinipokea vizuri kidogo. Wapo walioshika vichwa wakasema masikini Hadija, wakanituma nimpelekee salamu. Yupo aliyecheka. Wapo walioniambia, "Sawa, mboga ulikuwa wewe, lakini Hadija naye ana maneno mengi," kana kwamba wamelipenda lile jina la mchawi na hawataki kulirudisha. Mwingine nilimwelezea vizuri kabisa, tukaagana, na baada ya siku mbili nikasikia amesema nimelipwa ili nimsafishe. Turiani pia nimerudi, nikasimama mlangoni kwa yule mwanamke wa Bigwa. Hakunikaribisha ndani.

Bustani tunaitibu. Mimi na mume wangu tulikwangua udongo wa juu tukautoa, tukaleta mwingine na samadi. Mama Shani anapanda upande wa chini tu. Nikimwamkia anaitikia, marahaba, anapita. Lile "mdogo wangu" limekwisha, na sina uso wa kulidai. Hadija alikuja Idi, akalala siku chache, akaenda zake. Tuta lililo karibu na maji dada yake amemwachia, halimwi na mtu.

Wewe unayesoma, labda huna mchongoma. Labda umegonga kuku wa mtu, umevunja chombo cha watu, umepoteza kitu ulichoazimwa, na unangoja wakati mzuri wa kusema. Wakati huo haupo. Nenda leo, ukatukanwe leo. Na ukiulizwa umemwona nani, taja na ndoo aliyoshika.

Mimi nilipewa nafasi ya kuomba radhi kwa ajili ya mchicha, nikaona aibu. Sasa naomba radhi kwa ajili ya mtu, nyumba kwa nyumba, na bado kuna milango sijabisha hodi.